Mzee Mutinda, Pikapu na Ng'ombe Wawili

Ijumaa, tarehe 31 Agosti 2007, Mzee Mutinda Kyalo atarudisha ufunguo wa pikapu ya chama chetu cha maziwa baada ya kuushika usukani kwa miaka ishirini na minane. Anayedhani ataurudisha bila kunung'unika hamjui.

Tangu mwaka 1979 amebeba maziwa kutoka Kola hadi mjini Machakos, masika na kiangazi. Hajawahi kugonga hata kuku. Amegombana na kila mtu aliyewahi kuuacha mlango wa gari wazi, na mimi ni wa kwanza. Mkewe, Mama Nzisa, husema pikapu hiyo imeogeshwa kuliko watoto wake.

Lakini siku hiyo hakuna atakayesimama kuzungumza asitaje yaliyotokea mwaka 1998, basi heri niyaseme mimi niliyeyaona.

Mvua za El Nino zilikuwa zimeichosha injini. Ikapelekwa kwa fundi Antony, ambaye wakati huo alikuwa na gereji nyuma ya soko na sifa nyingi kuliko spana. Siku ya kuichukua, mwenyekiti wetu Mama Ndila alifika kuiombea, maana katika chama hiki hata kalenda mpya haitundikwi kabla ya maombi. Antony alikuwa ameshamwaga oili ya zamani, na kopo la oili mpya lilikuwa mkononi. Mama Ndila aliombea gasketi, akaombea breki, akaombea barabara na ng'ombe wa wanachama, kisha akavuka mpaka akaombea amani ya nchi jirani. Amina ilipofika hatimaye, watu walipiga makofi kwa nguvu. Antony naye akaweka kopo chini ili apige makofi, halafu akafunga boneti. Mutinda akawasha gari akaenda zake.

Injini ilishikana kwenye kilima cha kwanza. Mutinda aliporudi gereji kwa miguu alilikuta kopo pale pale, limejaa, halijafunguliwa, nalo limeshaombewa.

Kesho yake kamati iliketi na kuamua kwamba gari likisimama, dereva naye aende nyumbani mpaka litembee tena. Wakamwonyesha mlango wa kutokea: akisema kosa lote ni la Antony, fundi atapelekwa polisi na yeye atabaki kazini akiosha mikebe. Nzisa, binti yake, alikuwa kidato cha tatu, na sote tulijua baba akikaa nyumbani binti naye atakaa kwa kukosa karo. Nikaogopa kwa niaba yake.

"Mimi ndiye niliwasha gari," akasema. "Na hiyo Amina tulisema wote."

Jumatatu, gari lilitembea. Antony aliazima ng'ombe wawili wa kulima wa mama yake, akawafunga mbele ya pikapu kwa mnyororo, akashika fimbo na kutangulia. Mutinda alikaa ndani, kofia kichwani, akiwasha indiketa kila kona na kumpigia honi kila mwenye baiskeli aliyempita. Mwenye baiskeli aliyepitwa ni mmoja tu, na alikuwa amepata pancha.

Kamati ilitoka nje kutazama, ikarudi ndani kuandika kwamba gari linatembea. Askari wa trafiki naye aliwasimamisha, akataka kujua ni nani hasa anayeendesha.

"Afande, mimi niko na leseni," Mutinda akamjibu. "Hawa hawana."

Askari alifikiri sana, akakagua magurudumu, akawaruhusu kwenda.

Kwa mwendo ule maziwa yalifika yameshaganda na kuwa mala. Tukaanza kuuza mala, na hadi leo hakuna bidhaa yetu inayonunuliwa kuliko hiyo.

Asubuhi Antony aliongoza ng'ombe, jioni akashughulika na injini, mpaka ikapona. Mama Ndila alikuja tena, akainua mikono. Mutinda akamshika mkono mmoja kwa heshima zote, akamwambia, "Mama, tutie oili kwanza." Oili ikatiwa huku sote tumekodoa macho. Kisha Mama Ndila akaomba kwa ufupi ambao hajaurudia tangu siku hiyo.

Antony amekuwa fundi wa chama tangu wakati ule, na Ijumaa ndiye atakayemwendesha Mzee hadi kwake Kola. Ng'ombe wawili watatangulia kwa heshima. Si wale wa zamani. Wale walistaafu kabla yake, kwa njia ambayo hatutaieleza humu. Antony aliomba atembee nao mbele kama zamani, lakini Mzee amekataa. Amesema safari hii anataka wakae pamoja ndani. Kwa hiyo fimbo nimepewa mimi, nami nimeipokea machozi yakinilenga.

Ahsante, Mzee Mutinda. Tunakutakia nyumba tulivu, mifupa yenye nguvu na wageni wanaojua kufunga mlango wa gari. Mama Ndila ataomba, Antony akishaangalia oili. Amina tutasema wote.

Mumbua, karani wa mapokezi ya maziwa