Mwalimu Jotham Mwaisumo na Maneno Aliyorudi Kuyasahihisha

Mwalimu Jotham Mwaisumo alizaliwa Nkunga tarehe 12 Machi 1944, mtoto wa tatu wa mzee Ambindwile. Alisoma hapahapa kwetu, akahitimu ualimu mwaka 1966, na mwaka 1969 akafunga ndoa na Esnath. Alifundisha Kiingereza shule za msingi za wilaya hii karibu miaka thelathini, na kazi hiyo aliipenda kuliko hata shamba lake la chai.

Mwaka 1995, shule binafsi zilipoanza kuchipuka, aliomba kazi katika moja iliyofunguliwa Ibighi. Siku ya majaribio wakampa kitabu awasomee watoto, wazazi wamekaa nyuma. Akasoma kwa sauti yake ile kubwa. Binti mdogo akanyoosha kidole: "Mwalimu, ni kondoo au ni meli?" Kinywani mwa marehemu, "sheep" na "ship" yalikuwa neno moja. Darasa likaangua kicheko, na wazazi nao.

Alirudi nyumbani bila kazi ile, asiguse chakula. "Mama Tulia," alimwambia mkewe, "watoto wote wale wa miaka thelathini niliwafundisha hivyohivyo." Kicheko hakikumuuma kama hilo.

Kesho yake, shuleni alikokuwa bado akifundisha, alimwendea mwalimu mwenzake, Pudensiana, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, wa umri wa bintiye, akamwomba amfundishe. Akaketi dawati la nyuma pamoja na wanafunzi wake mwenyewe, kioo cha kunyolea mkononi, akitazama humo midomo yake inavyovuta irabu ndefu na kukata fupi. Alijifunza kuhamisha mkazo, maana kila neno alikuwa akilitamka kwa mkazo wa Kiswahili. Alijifunza pia wapi sauti ipande na wapi ishuke.

Kisha akaanza kuwatafuta aliowafundisha zamani. Sokoni Kiwira alimkuta Ackson akiuza ndizi.

"Mwanangu, nisamehe. Lile neno la kondoo nilikufundisha vibaya."

Ackson alicheka. "Mwalimu, mimi ndizi siuzi kwa Kiingereza!"

Marehemu hakucheka. Alisimama palepale, macho chini, mpaka Ackson alipolitamka sawasawa.

Kisukari kilimwanza mwaka 1997. Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Juni 1999, na hata siku zake za mwisho alikuwa bado akiulizia fulani yuko wapi, fulani alihamia wapi.

Ameacha mjane, Esnath. Watoto watatu, Tulia, Amoni na Tuntufye. Pamoja na wajukuu watano. Ameacha na wanafunzi ambao hakuwahi kuwafikia. Kama mpo hapa, mwalimu wenu alituagiza tuwaombe radhi.

Bwana ampokee, ampumzishe kwa amani, na amwondolee aibu ile.