Bi. Mbeti Muasya na Kompyuta Kumi na Moja Zilizokataa Kuwaka

Bi. Mbeti Muasya, fundi mkuu wa kompyuta katika Chuo cha Ufundi cha Nyota Tatu, Shauri Moyo, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, baada ya kukitumikia chuo kwa miaka thelathini na moja kasoro juma moja. Alipoulizwa angependa zawadi gani, alisema anataka kiti chenye mgongo. Kimenunuliwa.

Aliajiriwa tarehe 6 Februari 1995 akiwa mpiga chapa. Wakati huo chuo kilikuwa na taipureta nne, na fundi wa kuzitengeneza alikuwa akija kutoka mjini mara moja kwa mwezi, akikumbuka. Mwezi wa tatu Bi. Mbeti alichoka kungoja. Mumewe, Bw. Kyalo, ni mchonga vinyago. Bi. Mbeti aliazima patasi yake ndogo kuliko zote, akaifungua taipureta iliyokuwa ikirukaruka herufi, akaisafisha na kurudisha kila springi mahali pake. Mkuu wa chuo wa wakati huo aliisoma barua iliyochapwa siku hiyo, akauliza fundi alikuja saa ngapi. Tangu hapo fundi wa mjini hakuitwa tena.

Mwaka 1999 chuo kilipata kompyuta mbili. Zilifungiwa katika chumba kilichofunguliwa siku za Ijumaa tu, nazo zilitazamwa zaidi kuliko zilivyotumiwa. Bi. Mbeti aliomba ufunguo. Kisha alijiandikisha katika masomo ya Jumamosi, akayafuata kwa miaka mitatu bila kukosa, na mwaka 2003 akapata cheti cha ufundi wa kompyuta. Leo karakana ina kompyuta kumi na nane. Nyingi kati ya hizo aliziunda mwenyewe kwa vipuri vilivyotupwa na ofisi nyingine, na zote amezishonea vifuniko vya kitambaa kwa sababu ya vumbi la Barabara ya Jogoo.

Hakuwa mtu wa kugombeza. Mwaka mmoja, baada ya kuonya mara mbili kwamba chakula hakiruhusiwi karakanani, aliigeuza kibodi moja juu chini, akaigonga taratibu juu ya karatasi nyeupe, na karatasi ile pamoja na makombo yake akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Hakuandika jina. Mkufunzi wetu wa kompyuta, Bw. Mulama, aliacha kula mandazi kazini kuanzia siku hiyo.

Jambo ambalo wageni huliona geni katika karakana yake ni chai. Mtu akiharibu mashine, awe mwanafunzi au mwalimu, husimama na kusema, "Ni mimi." Bi. Mbeti humpa kiti, humpa kikombe cha chai, na haruhusu mtu yeyote kumwuliza lolote mpaka kikombe kiishe. Mkaguzi mmoja aliwahi kulalamika kwamba huko ni kuwadekeza wanafunzi. Bi. Mbeti alimjibu kwamba mtu mwenye hofu huficha alichobonyeza, naye fundi hutafuta kwa siku tatu kosa la dakika tatu. Mkaguzi aliandika jibu hilo, kisha akaomba chai.

Mwezi huu, zikiwa zimebaki siku chache aondoke, utaratibu huo ulimfikia mwenyewe.

Chuo kilikuwa kimepewa msaada wa RAM mpya, yaani vile vibamba vidogo vya kumbukumbu vinavyoiwezesha kompyuta kufanya kazi nyingi kwa pamoja. Jumanne tarehe 13 Januari Bi. Mbeti alikichomeka kibamba kimoja kipya kando ya kile cha zamani katika kila mashine. Kipya kimeandikwa kasi ya 3200, na cha zamani 2400. Akitaka kutuachia karakana yenye mashine nyepesi, alifungua ukurasa wa mipangilio, ule unaotangulia Windows, akapandisha kasi ya kumbukumbu hadi 3200. Mashine ya kwanza iliwaka vizuri. Kanuni yake mwenyewe, ambayo wote tumefundishwa, ni kubadilisha mashine moja, kuilaza hadi asubuhi, ndipo uziguse nyingine. Siku hiyo hakungoja. Alizibadilisha zote kumi na nane, zote zikawaka, akazifunika na kwenda nyumbani akiwa na furaha.

Asubuhi ya Jumatano kumi na moja zilikataa kuwaka. Feni zilizunguka, skrini zikabaki nyeusi, ukasikika mlio mara tatu, mashine ikajizima, ikajiwasha, ikarudia vilevile.

Alhamisi saa mbili asubuhi mtahini wa nje alikuwa anakuja kuwatahini wanafunzi kumi na wanane, kila mmoja kwa mashine yake. Kwa kanuni za mtihani, kazi ya miezi sita ya kila mtahiniwa ilikuwa ndani ya mashine hiyo pekee, na haikuruhusiwa kunakiliwa nje. Ambaye mashine yake isingewaka angengoja hadi Julai. Aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko wote ni Bi. Nimco Wehliye, mama wa watoto wawili kutoka Kware. Mwaka jana aliahirisha mtihani huu kwa sababu alikuwa amejifungua, na kliniki moja ilikuwa imekubali kumwekea nafasi ya ukarani hadi mwisho wa Januari, si zaidi. Mashine yake ni namba kumi na moja. Nayo ilikuwa miongoni mwa zilizokataa.

Nayanukuu maneno ya asubuhi hiyo kama yalivyosemwa.

"Madam, hii kitu imekufa?" Nimco aliuliza.

"Haijafa. Imeharakishwa."

"Na nani?"

Wanafunzi walianza kutazamana. Mmoja alikwisha kumnyooshea kidole Bw. Mulama. Bi. Mbeti aliivua miwani, akasimama mbele ya darasa zima, mikono ameishusha, na akasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyejua la kufanya. Katika miaka thelathini na moja hatukuwahi kumsikia akiyasema maneno hayo. Aliyejua ni Nimco. Alivuta kiti, akamketisha, akaenda kwenye birika, akarudi na kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

"Kunywa kwanza, Madam."

"Nimco, wakati hautoshi."

"Sheria ni yako. Kunywa."

Alikunywa. Darasa lilisimama kimya likimngoja, na Bw. Mulama aliyekuwa amefungua mdomo aliufunga tena baada ya kutazamwa na watu kumi na wanane. Kikombe kilipoisha, Nimco alichuchumaa mbele yake na kumwuliza kwa sauti ile ile ambayo sisi sote tumewahi kuulizwa nayo, "Sasa niambie. Ulibonyeza nini?"

Bi. Mbeti alieleza yote, hatua kwa hatua, bila kujitetea. Alipofika kwenye tarakimu mbili zilizoandikwa juu ya vibamba, alisema kosa ni hapo. Vibamba viwili vikikaa pamoja hutembea kwa mwendo wa kile cha polepole, naye alikuwa amekilazimisha cha zamani kwenda kwa mwendo wa kipya. Jumanne mashine zilikuwa na joto la kazi, zikavumilia. Zilipoamka baridi, kumi na moja hazikuweza.

Kazi ilianza saa tatu kasoro robo. Kila mashine ilichomolewa umeme. Betri yake ya saa, ile yenye umbo la sarafu, ilitolewa kwa dakika kumi ili mipangilio yote ijifute na kurudi ilivyotoka kiwandani. Bw. Mulama alishika bisibisi, wanafunzi walishika tochi za simu, na Bi. Mbeti alipita akihakikisha kwamba kila kibamba kimekaa sawasawa. Zile saba zilizowaka asubuhi nazo zilirudishwa kwenye 2400, na kufikia saa saba mchana kumi kati ya zilizokataa zilikuwa zimewaka kwa kasi hiyo. Iliyobaki ni namba kumi na moja.

Nayo iliwaka, lakini badala ya Windows ilitoa mstari mmoja mweupe ukisema hakuna diski ya kuanzia. Nimco aliketi sakafuni.

"Imefuta kila kitu," alisema. "Miezi sita, Madam."

"Amka, mwanangu. Haijafuta kitu."

"Umejuaje?"

"Mashine hii niliiunda mimi. Ina diski mbili. Betri ilipotoka, imesahau ianze na ipi, kwa hiyo inabisha mlango wa nyumba isiyo na watu."

Alirudi kwenye ukurasa wa mipangilio, akaitanguliza diski ya pili, akahifadhi, akaondoa mkono kwenye kibodi. Nimco alifumba macho. Alipoyafumbua, folda yake ilikuwa pale pale kwenye skrini, na jina lake juu yake. Akamkumbatia Bi. Mbeti kwa nguvu hata miwani ikaanguka.

Lilibaki jambo dogo. Betri zikitolewa, saa za mashine nazo hurudi nyuma, na hizi zote zilikuwa zikionyesha tarehe 1 Januari 2016. Bi. Mbeti alizipitia moja baada ya nyingine, akirekebisha. Alipofika kwenye ya mwisho, hiyo hiyo namba kumi na moja, Bw. Mulama alisema, "Madam, iache hivyo hivyo. Hapo bado uko na miaka kumi na sisi."

Watu walicheka, kisha wakaacha. Bi. Mbeti alikuwa ameitazama ile tarehe kwa muda, kidole kikiwa juu ya kibodi. Halafu aliandika kumi na nne, akaandika Januari, akaandika elfu mbili ishirini na sita.

"Mtihani ni kesho," alisema. "Kazi ya Nimco inahitaji tarehe ya kweli."

Alhamisi saa mbili kamili mashine zote kumi na nane ziliwaka. Bi. Nimco alimaliza mtihani wake kabla ya muda kwisha, na mtahini akatia sahihi karatasi yake. Kliniki ilimpokea Jumatatu iliyofuata.

Bi. Mbeti, hatuna shaka kwamba ungependa kukumbukwa kwa kompyuta ulizoziunda. Utukubalie tukukumbuke pia kwa asubuhi ile uliyosimama mbele ya watu ambao wangekuamini kwa uongo wowote, ukawaambia ukweli kwa maneno mawili. Chuo kinakushukuru, nasi uliotufundisha kazi tunakushukuru zaidi. Tarehe 30 tutakusindikiza hadi langoni, tukiwa tumekubebea kiti chako. Uishi miaka mingi yenye afya na utulivu, wewe na Bw. Kyalo, na usiamke tena kwa haraka kwa ajili ya mashine yoyote.