Tatu, Ine, Tano

Rehema, mchuuzi wa chumvi, hakukusudia kusikiliza, lakini ndani ya behewa lililojazwa Wakasai waliofukuzwa Kolwezi hakuwa na pa kupeleka masikio. Mama Ngalula, huku akimlindia mumewe nafasi kwa kapu, alimwonya binti yake kama kila mwaka wakienda likizo: "Usitoe kichwa ku dirisha. Na kule Tenke, Tshiluba hapana. Swahili tu."

"Mama, unadanganya mutoto ya nini?" mzee wa kando akauliza. "Hii si vakanse ya kila mwaka."

"Tata, baba yake alitangulia Tenke. Akipanda tu, itakuwa vakanse."

"Na kwa Tshiluba mutoto anaita baba yake namna gani?"

"Tatu."

"Basi bale bijana ba fimbo benye kuwinda Bakasai kule batamujua baba yake pale pale."

"Kwa Swahili ni hesabu tu." Rehema aliona hilo ni jibu la mtu aliyeishiwa majibu.

Treni ikasimama Tenke. Binti akachungulia dirishani, akaita kwa hamu yake yote: "Tatu! Tatu!"

Kijana mmoja mwenye fimbo akageuka.

"Ine!" Rehema akapaza sauti.

"Tano," mzee akadakia.

Behewa zima likaendelea kuhesabu, macho yote yakimtafuta mtu mmoja pale nje.