Makofi ya Kilo Ugenini

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo amina ni ya watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, mimi ni Mutheu, binti ya Mama Kioko wa hapa Kitengela, na leo nisiposema nitapasuka! Mliniombea hapa mbele nikienda Uingereza kusomea ualimu. Nilidhani huko nitapata walimu wa kunifungua macho. Wacha niwaambie! Mhadhiri wetu alikuwa anageukia ukuta, anatusomea maandishi ya kwenye skrini neno kwa neno, kisha anaenda zake. Ukiuliza swali, anakuambia yote yako hapo. Kwani sisi hatukujua kusoma?

Nikapelekwa shule ya msingi kufanya mazoezi ya kufundisha. Mwalimu wa kunisimamia aliwapa watoto karatasi za kujaza asubuhi mpaka jioni, yeye yuko kwenye simu. Mtoto akikosea, anashusha pumzi na kuangalia dari. Watoto wa watu walikuwa wamenywea kama kuku walionyeshewa! Nami akaniambia wazi kwamba sina sauti ya ualimu, nitafute kazi nyingine. Ndugu zangu, niliamini. Nikafunga sanduku nirudi nyumbani kabla mtahini hajaja kuniona nikifundisha.

Mama akapiga simu. Nikamweleza yote.

"Mutheu, kwani ni yeye alikuita kwa hii kazi?"

"Si yeye, Mama."

"Sasa mbona unataka akufute?"

Haleluya! Nikafungua sanduku.

Siku ya mtahini nikauliza darasa: robo na nusu, ipi kubwa? Mtahini yuko nyuma na kalamu yake. Nikaomba kimoyomoyo, Bwana nisaidie! Msichana mmoja akasema robo, kwa sababu nne inashinda mbili. Na mimi, kwa ile hofu, nikasahau niko wapi! Nikapaza sauti kwa Kiswahili kama niko shule ya Jumapili hapa: "Mpigieni makofi ya kilo!"

Wakanikodolea macho. Yesu wangu! Maji nishayavulia nguo, ikabidi niyaoge. Nikawaeleza kwamba kwetu mtu akijaribu tunampigia makofi kwa pamoja, moja, mbili, tatu, pa! Wakapiga. Wakacheka. Nikakunja karatasi mbele yao mara moja, halafu mara mbili, na yule msichana akaruka: nusu ndiyo kubwa! Mikono ikainuka darasa zima, hata ya wasiojua jibu, wanataka tu makofi!

Mtahini akanishika mkono akasema, "Wewe ni mwalimu." Nililia hapo hapo, sikuona haya.

Sasa nafundisha Kajiado, na naipenda kazi yangu jamani! Asanteni mlionibeba kwa maombi. Na wewe uliyeketi hapo, uliyeambiwa huwezi, na bosi, na mzazi, hata na mwalimu, mkabidhi Yesu maisha yako leo. Yeye ndiye anayekuita, na yeye hajasema huwezi!