Jehanamu ya Mzee Mwenye Rozari

Katika teksi ya abiria iendayo Port Bell, Akumu, mjane wa sajenti, alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana.

"Moto utawateketeza wabaya wawe majivu, basi," mama mmoja Msabato alisema. "Mungu si askari jela, mzee, atese mtu milele."

Mzee mwenye rozari shingoni akatikisa kichwa. "Sisi katekista alitufundisha moto ni kitu kidogo. Jehanamu ni mahali Mungu hakuiti tena, na hakuna anayekuuliza kitu. Na haiishi."

"Kukaa kimya tu? Hiyo nayo ni adhabu?" Mama akacheka.

Akumu hakucheka. Kituo chake, Kitintale, kilikuwa kinakaribia, na teksi haisimami mpaka abiria aseme "maaso awo," yaani hapo mbele. Hakusema. Nyumbani hapakuwa na mtu tangu matanga ya mumewe yaishe Jumapili; hapa angalau watu walikuwa wanabishana. Kitintale ikapita.

Port Bell wawili wale walishuka, bado wanabishana. Kondakta akageuka.

"Nyabo, wewe ulikuwa unashukia wapi?"

Tangu Jumapili hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Akumu akatafuta jibu refu.