Mama Mzigo Anaachia Dirisha Namba Mbili

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya usajili wa masomo, Mama Mzigo anastaafu. Jina lake halisi lipo kwenye barua za ofisi, lakini ukilitaja hapa chuoni watu watakukodolea macho. Muulizie Mama Mzigo, na hata mlinzi wa getini atakupeleka hadi dirisha namba mbili.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila mwanafunzi aliyejiandikisha masomo kupita kiasi alikutana na swali lake: mzigo huu, mwanangu, utaubeba kwa kichwa au kwa mdomo? Waliojibu harakaharaka aliwarudisha kwenye benchi wakafikirie upya. Wajanja walimpiga methali kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Aliwajibu kwamba wao si ng'ombe, na hesabu za juu si nundu.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa, enzi za karatasi za kaboni, vidole vikiwa vya bluu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Hakusomea ushauri wa masomo popote. Aliwasikiliza wanafunzi tu, mpaka wakuu wakaona foleni yote imehamia kwake, wakampa dirisha.

Nani amesahau ile kamba ya kuanikia nguo nyuma ya meza yake? Ukitaka kuongeza somo, ulianika wiki yako pale kwa vibanio: vya bluu saa za darasani, vyekundu saa za kujisomea, viwili kwa kila kimoja cha bluu, vya njano kazi na familia, vyeupe usingizi. Bwana mmoja wa uhandisi, mjuaji kwelikweli, alianika masomo saba, vibanio vyeupe vyote vikambaki mkononi. Mama akamwambia hakuna neno, akalale huko huko mkononi. Ofisi nzima tulicheka mpaka machozi, na yeye bwana akarudi na masomo matano.

Alipenda kusema kwamba kusoma kwa muda kamili si sifa, ni kazi. Krediti kumi na mbili kwa muhula ndiyo chini kabisa. Ukishuka hapo, chuo kinakuhesabu mwanafunzi wa nusu muda, na kitanda chako cha bweni anapewa mwingine. Ukitaka kupanda hadi kumi na nane, uje na sababu unayoweza kuisema mbele ya mama yako.

Sasa niseme lililonifanya niombe kuandika haya mimi, wala si mwingine.

Nilikuja chuoni nikiwa mtu mzima, fundi cherehani, mtoto nimemwacha kwa bibi yake. Nilijiandikisha masomo matano kwa pupa ya mtu aliyechelewa. Mama Mzigo akaniangalia macho yalivyovimba, akanikata somo moja. Yakabaki manne, krediti tatutatu, jumla kumi na mbili, akagonga muhuri. Kumbe mwaka ule yeye aliyewahubiria wote alihesabu kwa mazoea. Moja kati ya yale manne, somo la maabara, lilikuwa limeshushwa kutoka krediti tatu hadi mbili. Nilikuwa na kumi na moja.

Wiki ya nne msimamizi wa bweni akaja kudai ufunguo. Sikuwa na ndugu mjini wa kunipa hata mkeka. Kukosa kitanda kulikuwa na maana moja: nirudi kwenye cherehani, na masomo ndiyo basi tena. Nililia pale dirishani mbele za watu, bila aibu yoyote.

Kamati ya taaluma ikaitishwa. Sahihi kwenye fomu ilikuwa yangu, na njia nyepesi ilikuwa wazi: iandikwe kwamba niliacha somo kwa hiari yangu. Waliomtakia Mama mema walimnong'oneza anyamaze, maana mwezi uleule alikuwa akisubiri kutangazwa msajili mkuu, na kila mtu alijua kiti ni chake. Mama akasimama. Alisema kosa ni lake, si la mwanafunzi, na kwamba yeye ndiye aliyenikata somo bila kutazama mwongozo wa mwaka ule. Akakaa, akaweka sawa mtandio wake, akasubiri.

Usajili ulifunguliwa siku moja kwa ajili yangu. Nikapewa somo dogo la matumizi ya maktaba, krediti moja, zikatimia kumi na mbili. Nikabaki na kitanda changu. Kiti cha msajili mkuu akapewa mtu mwingine, na Mama hakufikiriwa tena.

Nilihitimu, nikaajiriwa ofisi hiyohiyo, meza yangu ikapakana na yake. Tumegombania feni miaka yote hiyo, yeye akisikia joto na mimi nikisikia baridi. Wakubwa watatu wamepita juu yake, na wote aliwafundisha kazi kwa moyo mweupe. Akiwapokea wanafunzi waliochanganyikiwa, husema wazi kwamba hata yeye amewahi kukosea hesabu, ndiyo maana sasa huzisoma kwa sauti, mwanafunzi naye akizifuatisha.

Tutakosa kicheko chake kinachofika korido ya pili, kufoka kwake tukichelewa, na ile tabia ya kuwaita hata maprofesa 'wanangu'.

Mama, wenzako wote wa usajili tunakutakia maisha mema, yenye asubuhi ndefu na chai isiyopoa mezani. Nami nina langu. Siku moja nilijaribu kukushukuru, ukanikatiza kwamba niache maneno, foleni ni ndefu. Leo hakuna foleni, kwa hiyo utanisikiliza. Ulikiacha kiti chako ili mimi nisome, na hujawahi kunikumbusha, hata kwa utani. Nilisoma, Mama. Asante.