Mama Kipimo Anatembea hadi Getini

Baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda chetu cha viatu, Mama Kipimo anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Agosti. Kwa umri, alikuwa bado na miaka miwili mbele yake. Sababu ya kuondoka mapema ameagiza iandikwe kwa jina lake: ni saratani ya ngozi iitwayo melanoma, nayo imerudi akiwa bado kwenye matibabu. Rasimu yetu ya kwanza ilisema "sababu za kiafya". Aliisoma, akaikata kwa kalamu, akatuuliza kama tunaandika habari za mtu au tangazo la kukatika kwa maji.

Aliajiriwa kufagia chumba cha kukatia ngozi. Wiki ileile fundi mkuu wa wakati huo alikuwa akihangaika na kiatu cha kike ambacho kila mtu alikisifia na hakuna aliyeweza kukivaa. Akamwomba mfagiaji mpya amwazime mguu. Mguu uliingia kwenye saizi thelathini na saba bila kubaki nafasi wala kubana popote, na fagio likatafutiwa mtu mwingine. Tangu hapo kila kiatu cha kike kinachotoka hapa kimepimwa kwenye miguu hiyo kwanza. Jina lake la kazi halikuhitaji kikao.

Kwa wageni, utaratibu ni huu. Kiatu kipya kikikamilika, anakivaa kwenye chumba cha kushonea, anashuka ngazi, anavuka uwanja wa kokoto mpaka getini kwa mlinzi, kisha anageuka. Akirudi nacho mguuni, kimepita. Kikimbana au kumchubua, anakivua hapohapo alipo na kurudi peku, kiatu mkononi, kiwanda kizima kikiwa kimejazana madirishani. Maelezo hatoi. Mlinzi huwa anabashiri matokeo kwa kuweka dau la soda, na kwa jinsi anavyoshindwa tungeshauri anywe maji. Ndiyo maana hapa kwetu chochote kisichofaa "kimerudi peku": bajeti, chai ya kantini, hata posa ya mpaka rangi mmoja ambaye leo tutamsitiri.

Miaka mitatu iliyopita lilitokea doa jeusi kwenye kisigino chake cha kushoto. Alidhani ni rangi ya viatu, na ndani ya jengo hili nani angedhani vingine? Alilisugua kwa jiwe, akalisugua kwa spiriti, akalipaka hata dawa ya kutolea gundi. Fundi mkuu wa sasa, ambaye huichora miguu yake kila msimu, naye alidhani hivyohivyo, mpaka msimu mmoja alipoona kwamba doa liko palepale na limekua. Alimpakia kwenye pikipiki yake mwenyewe hadi hospitali. Kisigino kilikatwa kipande, kikazibwa kwa ngozi iliyotolewa pajani.

Aliporudi kazini tulifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo tulipokosea. Kiatu cha kwanza alirudi nacho peku. Badala ya kuuliza mguu una nini, tuliilaumu kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake. Tukaiongeza unene ile ya mguu wa kushoto mpaka akatembea vizuri, tukapiga makofi, tukashona mzigo mzima. Maduka yakaanza kuvirudisha: cha kulia sawa, cha kushoto kinapwaya. Mguu wake ulikuwa umevimba, na kwa kuwa ulikuwa mguu wa Mama Kipimo, haikutujia kabisa kwamba unaweza kubadilika. Yeye alicheka kuliko sisi sote. Akachukua jozi moja nyumbani, akisema hatimaye tumeshona kiatu chenye adabu.

Wakati huo alikuwa ameanza dripu za dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ili mwili wenyewe uitambue saratani na kupambana nayo. Alikwenda kila baada ya wiki tatu, akisindikizwa na bintiye, na kesho yake alikuwa kazini. Mwaka mzima picha za hospitali zilitoka safi, tukaanza kuizoea habari njema. Mwezi Mei vikatokea vipele vyeusi kwenye muundi wa mguu uleule, na tezi ya kinenani ikavimba. Dripu iliyofuata ilikuwa tayari imepangiwa siku.

Habari alitupa mwenyewe kantini, kikombe mkononi: dawa imerudi peku. Hakuna aliyecheka, naye akatulaumu kwa hilo. Madaktari wamembadilishia tiba, sasa ni dawa mbili kwa pamoja, zenye nguvu zaidi na maudhi zaidi. Zinaweza kushika, zinaweza zisishike. Wamemwambia hivyo wazi. Anaanza Jumatatu, na amesema anataka nguvu zake zote ziwe huko. Sisi tunaogopa. Hilo nalo ameruhusu liandikwe.

Kamati ya sherehe ilipendekeza saa ya ukutani. Aliikataa kabla haijanunuliwa, akisema muda anautaka, lakini si wa kutundika. Kwa hiyo fundi mkuu amemchora upya, kila mguu peke yake, akachonga kalibu mbili zisizofanana na kumshonea viatu juu yake. Cha kulia ni thelathini na saba kama kawaida. Cha kushoto ni thelathini na tisa, kisigino laini, mbele pana. Ni jozi ambayo hakuna duka litakaloikubali.

Ijumaa saa nne atavaa viatu hivyo kwenye chumba cha kushonea, na utaratibu utafuatwa. Bintiye atamsubiri na gari nje ya geti.

Mama Kipimo, asante kwa miaka yote uliyotukatalia viatu vibaya. Tunaomba dawa mpya ikukae vizuri, kwenda na kurudi. Na Ijumaa ukifika getini, usipande gari moja kwa moja. Geuka kwanza, kama siku zote. Kama vinabana, vivue urudi. Fundi yuko mezani na hana haraka, na sisi tutakuwa madirishani.